Thaddeus Stevens: wakili aliyeuliza nini kifuate baada ya minyororo

Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilisikiliza shauri la mwanamke Mweusi aitwaye Charity Butler. Bwana wake alikuwa mtu wa Maryland, jimbo jirani lililoruhusu utumwa. Pennsylvania ilikuwa na sheria yake ya tangu 1780: mtumwa akiletwa ndani ya jimbo na kuwekwa humo zaidi ya miezi sita, huyo ni huru. Charity alikuwa ameletwa mara kadhaa, kila mara kwa kipindi kifupi. Ukivijumlisha vipindi vyote, miezi sita ilikuwa imepita. Wakili wa upande wa bwana akasimama akasema sheria haijumlishi, miezi sita lazima iwe mfululizo. Majaji wakamkubalia. Charity na watoto wake wakabaki watumwa.

Wakili aliyeshinda siku ile alikuwa kijana wa miaka 29, jina lake Thaddeus Stevens. Ni huyuhuyu ambaye uzeeni, miaka sabini na kitu, aliliongoza Bunge la Marekani katika kupitisha marekebisho ya katiba yaliyofuta utumwa, kuwapa watu Weusi uraia, na kumfikisha rais aliye madarakani mbele ya Seneti ahukumiwe.

Wengi wanaosimulia maisha yake huipita kesi ya Charity haraka haraka, kama doa wasilotaka lionekane. Mimi naona usipoikabili kesi hiyo humwelewi Stevens. Mtu aliyewahi kumnyima mama uhuru kwa tafsiri ya neno moja anajua, kuliko wahubiri wote wa usawa, kwamba haki isiyoandikwa vizuri ina mwanya, na kwamba siku zote atatokea wakili wa kuupitia mwanya huo. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya miaka arobaini baadaye ilikuwa kuziba mianya.

Alizaliwa Danville, Vermont, tarehe 4 Aprili 1792, na mguu uliopinda tangu tumboni. Alichechemea maisha yake yote. Baba yake, fundi viatu, aliitelekeza familia. Mama yake, Sarah, alibaki na watoto wanne wa kiume, akahamia Peacham ambako kulikuwa na shule, akafanya kazi za kila namna ili mwanawe huyu mlemavu asome. Stevens alimheshimu mama huyo mpaka mwisho. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akaenda Pennsylvania kufundisha huku akijisomea sheria, akafanya mtihani wa uwakili Maryland, kisha mwaka 1816 akafungua ofisi katika mji mdogo wa Gettysburg. Mwaka uliofuata alimtetea mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, akidai mteja wake alikuwa mgonjwa wa akili, utetezi ambao mahakama za wakati ule hazikuuzoea. Alishindwa, lakini watu walimsikia, na wateja wakaanza kumiminika.

Baada ya kesi ya Charity kuna badiliko ambalo mwenyewe hakuacha maelezo yake. Mwaka 1823, katika sherehe za siku ya uhuru wa Marekani, aliinua glasi kuitakia nchi rais ajaye ambaye hajawahi kumfunga binadamu pingu za utumwa. Tangu hapo alijulikana kwa kuwatetea watumwa waliotoroka, mara nyingi bila kudai ada. Kama ni majuto, hakuyatangaza.

Kisiasa aliingia kwa mlango wa chama kidogo kilichopinga chama cha siri cha Wamasoni, akapata kiti katika bunge la jimbo mwaka 1833. Vyama alivyopita baada ya hapo vilikuwa kadhaa, na si lazima tuvifuate kimoja kimoja. Yapo mambo mawili ya enzi hiyo yanayofaa kukumbukwa.

La kwanza ni shule. Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya elimu ya bure kwa watoto wote, igharimiwe kwa kodi. Wenye mali walikasirika: kwa nini nilipe kodi asome mtoto wa jirani? Uchaguzi uliofuata ulileta wabunge wengi walioahidi kuifuta, na seneti ya jimbo ikapiga kura ifutwe. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama katika baraza la chini. Hoja yake kuu ilikuwa rahisi kueleweka: unalipa kodi ya kujenga jela na kumweka mhalifu humo bila kulalamika, sasa unanung'unikia kodi itakayomzuia mtoto asifike huko? Akakataa pia wazo la kusomesha maskini peke yao kwa kuwaorodhesha kama maskini, kwa kuwa orodha hiyo ingemtia mtoto aibu kabla hajajua kusoma. Kura iligeuka, sheria ikabaki.

La pili ni saini aliyoikataa. Mkutano wa kuandika katiba mpya ya Pennsylvania, 1837 hadi 1838, ulimchukua kuwa mjumbe. Katiba ile iliingiza neno "Mzungu" katika sifa za mpiga kura, na watu Weusi huru waliokuwa wakipiga kura baadhi ya sehemu wakapoteza haki hiyo. Stevens hakutia saini.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, amebeba madeni makubwa yaliyotokana na biashara yake ya matanuru ya chuma. Nyumba yake ya Lancaster iliendeshwa na Lydia Hamilton Smith, mjane mwenye asili mchanganyiko, Mkatoliki, hodari wa fedha. Waliishi nyumba moja karibu miaka ishirini. Maadui walisengenya kwamba ni mke asiyetajwa, na wanahistoria hawajakubaliana hadi leo. Kinachojulikana ni kwamba alimtaka kila anayeingia amwite Bi. Smith kwa heshima, wakati ambapo Wazungu waliwaita wanawake Weusi kwa jina la kwanza tu, na kwamba katika wosia wake alimkumbuka kwa fedha za kutosha hata Bi. Smith akainunua nyumba ile.

Septemba 1851, katika kijiji cha Christiana karibu na Lancaster, mmiliki wa watumwa kutoka Maryland aliyeitwa Edward Gorsuch alifika na ndugu zake pamoja na ofisa wa serikali kuwakamata watu wanne waliomtoroka. Walikuwa wamejificha kwa William Parker, yeye mwenyewe mtoro wa zamani. Majirani Weusi walikusanyika na silaha, mapigano yakazuka, Gorsuch akauawa. Serikali kuu iliwashtaki watu 38 kwa uhaini, kwa madai kwamba kuzuia sheria ya kuwarudisha watumwa watoro ni sawa na kuipiga vita Marekani. Wa kwanza kusimamishwa kizimbani Philadelphia alikuwa Castner Hanway, msaga nafaka Mzungu aliyekataa kumsaidia ofisa. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi. Raia kumi na wawili wa juri walijifungia kwa kama robo saa, wakarudi na jibu: hana hatia. Mashtaka ya uhaini dhidi ya wengine yakaporomoka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yenye utumwa, vilipoanza mwaka 1861, Stevens alikuwa mbunge wa chama cha Republican na mwenyekiti wa Kamati ya Mapato, ile inayotafuta fedha za serikali. Jeshi la Rais Abraham Lincoln lililishwa na kuvikwa kwa kodi, mikopo na noti mpya za karatasi zilizopita mikononi mwa kamati hiyo. Juni 1863 wanajeshi wa Kusini chini ya Jenerali Jubal Early walipita Pennsylvania na kuchoma tanuru lake la Caledonia kwa makusudi, kwa kuwa walimjua mwenyewe ni nani. Lakini kazi iliyomweka katika historia ilianza bunduki ziliponyamaza, na hapa ndipo mambo huwachanganya wasomaji.

Aprili 1865 Kusini ilisalimu amri. Lincoln akauawa mwezi huohuo, na nafasi yake ikashikwa na makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee. Majimbo kumi na moja yalikuwa yametangaza kujitenga na yameshindwa vitani. Je, yako ndani ya muungano au nje?

Swali hilo linasikika kama mchezo wa mawakili, lakini jibu lake liliamua hatima ya watu karibu milioni nne. Lincoln alikuwa ameshikilia kwamba majimbo hayakutoka kamwe, kwa sababu katiba hairuhusu jimbo kutoka. Waliotoka ni watu waasi. Johnson alilichukua wazo hilo na kulipeleka mwisho wake: kama hayakutoka, basi yana haki zao zote. Yapate magavana wapya, yakubali kwamba utumwa umekwisha, yalete wabunge Washington, na shughuli imeisha. Majira ya joto na vuli ya 1865 ndivyo ilivyokuwa. Johnson aligawa misamaha kwa wingi, na mabunge mapya ya Kusini, yaliyochaguliwa na Wazungu peke yao, yakaanza kutunga sheria maalumu kwa watu Weusi. Mississippi ilitaka kila Mweusi awe na hati ya kazi mwanzoni mwa mwaka. Asiyekuwa nayo angekamatwa kwa uzururaji, atozwe faini, na akishindwa kulipa akodishwe kwa atakayemlipia. Nani angemlipia? Mara nyingi bwana yuleyule.

Stevens alijibu kwa hoja nyingine. Kusini, alisema, ilijitenga kwa vitendo, ikaunda serikali yake, jeshi lake na kodi zake, ikapigana miaka minne na kushindwa. Kwa sheria za vita ni nchi iliyotekwa. Mshindi ana haki ya kuweka masharti kabla ya kuirudisha, na mwenye kuyaweka ni Bunge, kwa sababu katiba inasema kila baraza la Bunge ndilo mwamuzi wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake.

Hapo ndipo alipopata mpini. Tarehe 4 Desemba 1865, Bunge jipya lilipokutana, Katibu wa Baraza la Wawakilishi, Edward McPherson, mtu wa Gettysburg na mshirika wa Stevens, alisoma majina ya wajumbe na kuyaruka yote ya Kusini. Horace Maynard wa Tennessee, aliyekuwa mtiifu kwa muungano wakati wote wa vita, alisimama na cheti chake mkononi kutaka kusema. Hakuruhusiwa. Siku hiyohiyo Stevens akapendekeza kamati ya pamoja ya mabaraza mawili, wajumbe kumi na watano, ichunguze hali ya majimbo hayo. Hadi itakapotoa taarifa, hakuna mbunge wa Kusini atakayeketi.

Kwa nini haraka hiyo yote? Kwa sababu ya hesabu. Katiba ya 1787 ilikuwa inahesabu watumwa kwa tatu ya tano: watumwa watano wanahesabiwa kama watu watatu pale viti vya Bunge vinapogawanywa kwa idadi ya watu. Utumwa ulipofutwa rasmi Desemba 1865, sehemu ile ikafa yenyewe, na kila Mweusi akaanza kuhesabiwa mzima. Chukua watu milioni nne: ile mbili ya tano iliyokuwa haihesabiwi ni watu milioni moja na laki sita. Kusini iliyoshindwa vitani ingepata viti vya ziada zaidi ya kumi bungeni na kura za ziada katika kumchagua rais, na bado hakuna Mweusi hata mmoja ambaye angeruhusiwa kupiga kura. Mabwana wangerudi Washington wenye nguvu kuliko walivyoondoka, wakibebwa na idadi ya watu waliokuwa mali yao jana. Sioni mwanasiasa mwingine wa wakati ule aliyeirudia hesabu hiyo kwa ukaidi kama Stevens.

Marekebisho ya 14 ya Katiba yalizaliwa ndani ya kamati ile. Kifungu cha kwanza, kazi ya John Bingham wa Ohio zaidi ya mtu mwingine yeyote, kinasema aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia, na kwamba jimbo halitamnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Cha pili kinajibu hesabu: jimbo litakalowanyima kura wanaume waliotimiza miaka 21 litapunguziwa viti kwa kiwango hichohicho. Cha tatu kiliwafungia nje ya ofisi za umma waliokula kiapo cha kuilinda katiba kisha wakaasi. Cha nne kilihakikisha mabwana hawalipwi fidia kwa watumwa waliowapoteza.

Stevens alitaka zaidi. Alitaka kura itolewe waziwazi bila kupitia mlango wa nyuma, na alitaka waasi wakae nje muda mrefu zaidi. Tarehe 13 Juni 1866, kabla ya kura ya mwisho, aliwaambia wenzake kwamba katika ujana, utu uzima na uzee wake aliota siku ambayo taasisi za nchi zitafumuliwa na kujengwa upya pasipo mabaki ya ubaguzi, na kwamba ndoto hiyo imetoweka. Mbona basi anaupokea muswada wenye kasoro? Akajibu: kwa sababu naishi miongoni mwa wanadamu, si miongoni mwa malaika. Ulipita kwa kura 120 dhidi ya 32.

Majimbo ya Kusini, isipokuwa Tennessee, yaliukataa. Machi 1867 Bunge, likiibatilisha kura ya turufu ya Johnson, likayagawa majimbo kumi yaliyobaki katika wilaya tano za kijeshi na kuagiza yaandike katiba mpya, wanaume Weusi wakipiga kura. Mwaka huo Weusi zaidi ya laki saba waliandikishwa. Watu waliouzwa mnadani miaka michache nyuma walikaa kwenye mikutano ya kuandika katiba za South Carolina na Louisiana.

Kuna jambo moja ambalo Stevens hakulipata, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Septemba 1865, akihutubia Lancaster, alisema wazi kwamba mtumwa aliyeachwa huru bila ardhi atarudi kwa bwana kuomba kazi, na bwana atapanga bei. Alileta takwimu zake: watu wapatao 70,000, wale matajiri wakubwa wa Kusini, walimiliki ekari milioni 394. Zitwaliwe. Kila mwanaume mzima aliyeachwa huru apewe ekari arobaini, jumla kama milioni arobaini. Zinazobaki ziuzwe, fedha zilipe deni la vita na pensheni za askari. Wazungu tisa kati ya kumi wa Kusini wasingeguswa hata ekari moja.

Wazo la ekari arobaini lilikuwa tayari limejaribiwa. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri iliyotenga mashamba ya mwambao wa South Carolina, Georgia na Florida, na watu wapatao 40,000 wakahamia na kulima. Kabla mwaka haujaisha Johnson alikwisha kuwarudishia wenye mashamba wa zamani. Stevens aliuleta muswada wake bungeni Machi 1867. Chama chake mwenyewe hakikumfuata. Wenzake waliokuwa radhi kumpa Mweusi kura walishtuka kusikia mali ya mtu inatwaliwa, hata ya mwasi. Wenye viwanda wa Kaskazini walitaka pamba irudi sokoni haraka, na pamba ilihitaji vibarua. Ni kweli pia kwamba ndani ya mpango wake mlikuwa na hamu ya kuwaadhibu matajiri, na kwamba kumnyang'anya mtu mali bila kumhukumu mahakamani ni jambo ambalo wakili yeyote angelipigia kelele. Lakini hofu yake ilitimia. Miaka kumi haikupita, familia nyingi za Weusi zilikuwa zinalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, zikikopa mbegu na chakula dukani kwake, na deni likivuka msimu hadi msimu.

Vita vyake vya mwisho vilikuwa dhidi ya Johnson. Rais alipomwondoa Waziri wa Vita, Edwin Stanton, kinyume cha sheria mpya ya Bunge, Baraza la Wawakilishi lilimshtaki tarehe 24 Februari 1868 kwa kura 126 kwa 47. Stevens alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye kiti kuingia ukumbini, na hotuba yake mbele ya Seneti ilibidi imaliziwe kusomwa na mwenzake, Benjamin Butler. Kosa halisi la Johnson machoni pake lilikuwa kuyasaliti majimbo ya Kusini kwa mabwana wa zamani, lakini mashtaka mengi yaliandikwa kuhusu kumfukuza waziri, na msingi huo wa kisheria ulikuwa mwembamba. Shtaka la kumi na moja, alilolichangia zaidi, ndilo lililopigiwa kura kwanza, Mei 16. Maseneta 35 walisema ana hatia, 19 walisema hana. Ilipungua kura moja kufikia theluthi mbili zilizohitajika kumwondoa.

Alifariki Washington usiku wa Agosti 11, 1868, Bi. Smith akiwa kando yake. Mwili ulilazwa chini ya kuba la Bunge, ukilindwa na askari Weusi, na maelfu walipita kumuaga. Alichagua kuzikwa katika makaburi madogo ya Lancaster kwa sababu ambayo aliiandika ichongwe juu ya jiwe: makaburi mengine yaliweka masharti ya rangi, naye alitaka kifo chake kionyeshe aliyoyapigania, usawa wa binadamu mbele ya Muumba. Wosia wake ulitenga fedha za makao ya yatima yasiyobagua rangi wala asili. Kutoka humo ilianzishwa, mwaka 1905, shule ya ufundi ya Lancaster ambayo bado ina jina lake.

Marekebisho ya 14 yalikuwa yameidhinishwa mwezi mmoja kabla hajafa. Kifungu cha kwanza kililala miongo mingi, kikaamshwa na mawakili wa karne ya ishirini. Juu yake ndipo Mahakama ya Juu iliposimama mwaka 1954 kukataza shule za kubagua rangi. Kifungu cha pili, kile cha hesabu, hakikuwahi kutumika. Mississippi iliandika katiba mpya mwaka 1890 na kuwanyima Weusi kura kwa kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma, majimbo mengine yakafuata, na Bunge halikupunguza hata kiti kimoja. Hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, Kusini iliendelea kuwahesabu Weusi wazima katika kugawana viti, huku wapiga kura wakiwa karibu Wazungu peke yao.